Mrejesho: nimeshachagua chuo cha kusomea sheria

Wakuu, niliwauliza niende wapi kati ya vyuo viwili vilivyonipa nafasi ya shahada ya sheria: kimoja kikongwe chenye jina kubwa, kingine kidogo kisichovuma. Wengi mlisema jina ndilo linalouza. Mmoja akaniambia nikakae darasani kwanza, nione mwenyewe. Nikaenda.

Kwenye kile kikubwa ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mhadhiri anaijua kazi yake, sibishi, ila alisoma slaidi saa nzima bila swali hata moja. Kwenye kile kidogo nilikuta wanajadili kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932, ile ya mama Donoghue aliyedai kukuta konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi. Mhadhiri akamsimamisha binti mmoja: "Chupa ilinunuliwa na rafiki yake Donoghue. Yeye hana mkataba na mtu. Anamdai mtengenezaji kwa msingi gani?" Binti akababaika, akajaribu, akakatwa, akajaribu tena. Mimi mgeni ndiye niliyetoka jasho.

Nikaulizia na mahakama ya mazoezi. Kikubwa huchagua wachache tu. Kidogo kila mwanafunzi lazima asimame atetee hoja. Halafu nikahakikisha jambo ambalo mwanzoni sikulifikiria kabisa: kama shahada yake inakubalika kwa mafunzo ya uwakili. Inakubalika.

Basi nimechukua kile kidogo. Maktaba yake ni finyu kweli, hilo mlinionya na mlikuwa sahihi. Mzee nyumbani bado amenuna.