Naomba ushauri: Mama amelazwa, anazidi kudhoofu na chanzo hakijulikani

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, ambaye amelazwa hospitalini baada ya kupungua uzito, kukosa hamu ya kula na kuishiwa nguvu za miguu, hali ambayo mpaka sasa madaktari hawajaweza kuieleza. Vipimo vya sukari, figo, ini na picha ya kifua havikuonyesha tatizo kubwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni usiku. Mchana hunitambua na tunazungumza vizuri, lakini giza likiingia huvutavuta shuka, huita watu waliokwisha kufariki na kutaka kung'oa mpira wa dripu. Muuguzi mmoja aliniambia kuwa ni uzee tu. Sikubaliani naye, kwa kuwa hali hii imeanza ghafla, na nafahamu kwamba kwa wazee mkanganyiko wa namna hii unaweza kusababishwa na maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au chumvi mwilini, au dawa zinazogongana. Yeye hutumia dawa za presha, za usingizi na za maumivu, zilizoandikwa na madaktari tofauti.

Kwa mliowahi kuuguza mzazi katika hali kama hii, je, niombe kikao na daktari bingwa anayesimamia matibabu yake ili dawa zote zipitiwe upya, au nidai rufaa mapema? Na nitaulizaje kuhusu vipimo vingine, kama vile vya homoni za tezi ya shingo na vitamini B12, bila kuonekana ninamfundisha daktari kazi yake?