Mpwa anatukufurisha kwa mawaidha ya Telegram, tufanyeje?

MjombaLikoni: Assalaam alaykum wakuu. Mpwa wangu ana miaka 17. Ameacha maulidi, hasali tena msikiti wa mtaani, na sasa anamwambia mamake kupiga kura ni ukafiri. Dini yote anaichota kwenye klipu na kikundi cha Telegram. Babake anataka kuivunja simu. Nishaurini.

Ustadh_Kibokoni: Wa alaykum salaam. Simu isivunjwe! Ataazima ya rafiki, na wa kikundini watamwambia, "Si tulikwambia watu wako wanaichukia dini?"

Kuacha maulidi si tatizo, wapo Waislamu wema wengi wasioyasoma. Hatari ni pale anapomtoa mtu kwenye Uislamu kwa kumwita kafiri. Mtafutieni mwalimu mmoja asiyefoka, wakae faragha. Msimwitie kikao cha wazee. Kila aya aliyoletewa isomwe pamoja na aya jirani zake. Sura ya At-Tawba aya ya 5, ile ya kuwaua washirikina, hukatwa peke yake. Ya 6 inaamuru mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Na huyo sheikh wa simuni, jina lake kamili nani? Kasoma kwa nani?

FundiSimu: Kaeni naye mkiishika simu, msimpekue usiku. YouTube: futeni historia ya video alizotazama, zimeni video kujicheza zenyewe. Inapendekeza kwa kufuata alichotazama, kwa hiyo msipoweka darsa nyingine, zilezile zitarudi. Telegram: kwenye faragha, wekeni anaowajua tu ndio waweze kumwingiza vikundini. Mtu akimwita pembeni kwenye mazungumzo ya siri yanayojifuta, hapo pana uwindaji.

Shangazi_Malindi: Wakristo wenzangu nao wasome hapa. Mhubiri Paul Mackenzie alitangaza kufunga kanisa 2019, mahubiri yakabaki mtandaoni, na 2023 kwenye msitu wa Shakahola, Kilifi, ikafukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wake. Mtu akianza kukataza watoto shule na hospitali kwa jina la Mungu, ndugu waingilie siku hiyohiyo.

Wakili_Tudor: Akianza kuuza vitu vyake, kuulizia njia za mpakani au kuaga kiajabu, msingoje. Mmoja wa wapiganaji wa al-Shabaab walioshambulia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wakaua watu 148, alikuwa na shahada ya sheria, mtoto wa chifu wa Mandera. Babake aliripoti kupotea kwake, ila kijana alikuwa keshaondoka. Najua Pwani tunaogopa kituo cha polisi kwa sababu ya vijana waliopotezwa. Basi nendeni na wakili, au piteni kwanza kwa mashirika ya haki za binadamu, MUHURI au HAKI Africa, na ripoti iandikwe mpewe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Miaka 17 bado ni mtoto kisheria, lisemeni hilo mapema.

MjombaLikoni: Shukran sana. Babake aanzie wapi leo?

Ustadh_Kibokoni: Amwambie, "Nionyeshe klipu iliyokugusa zaidi." Aitazame mpaka mwisho bila kukatiza. Kujibu kungoje kesho, akishashauriana na mwalimu.