Naomba ushauri: maji yanaingia pale bati linapokutana na ukuta

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana masika hii imenitoa jasho. Nyumba yangu iko Moshono, Arusha, ni hizi za kuficha bati, ukuta umepanda juu ya paa pande zote. Kila mvua ikipiga jipsamu ya dari ya sebuleni inatoa madoa ya rangi ya chai, kona imeshavimba, mwanzo nikajua bati limetoboka nikapandisha fundi akaziba misumari yote, hela ikaenda, mvua ikaja, yale yale.

Juzi nikapanda mwenyewe (mama watoto kashika ngazi huku ananisema). Nakuta pale bati linapogusa ukuta hamna fleshingi kabisa (lile bati la kukunja la kuziba maungio ya paa na ukuta), jamaa aliyeezeka alisiliba tu simenti na imeshaachia, ufa unaingiza kucha. Nadhani bati mchana linatanuka na jua, usiku baridi linasinyaa, sasa simenti itacheza nalo wapi. Maji yanashuka na ukuta, yanapita humo, yanatembea na mbao za kenchi (zile zinazobeba paa) halafu yanadondokea mbali na yalipoingilia, ndo maana tulikuwa tunaziba siyo penyewe.

Sasa fundi mmoja anasema nipake silikoni yaishe, mwingine anataka akate mfereji kwenye ukuta aingize bati la kukunja kisha apige plasta juu. Mi naona huyu wa pili ana pointi ila naogopa kuta zangu. Waliofanya hivyo mlifanikiwa? Na mbao zilizolowa nibadilishe au zikikauka zinatosha?