Naomba ushauri: tumekuta viinitete vya zamani stoo, nifanyeje?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Mimi ni mkufunzi wa maabara hapa Kigoma. Tukihamisha stoo tumekuta chupa 11 za viinitete na vijusi (mimba changa za binadamu) ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia. Kimoja, urefu wake kama kidole gumba, mgongo haujafunga. Ufa unaonekana kwa macho. Nilisimama nacho dirishani muda mrefu. Hii ilikuwa mimba ya mama fulani.

Thamani yake naijua. Kyoto, Japani, walianza kukusanya 1961 na walifikisha zaidi ya sampuli 44,000, ndizo zinazowaonyesha kasoro huanza hatua ipi. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kufikia kama siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, mama wengi hata hawajajua kama wamebeba. Natamani wanafunzi wangu walione hilo, wasilikariri tu.

Nimepekua madaftari yote: hakuna ridhaa, na lebo mbili tu ndizo zinasomeka. Chupa tatu dawa imeshuka, sampuli zimeanza kukauka kwa juu. Sijagusa kitu, naogopa kuharibu.

Naomba kujua: hizo tatu niziongeze formalini ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali ya kuzuia isigeuke asidi), au nihamishie kwenye ethano ya asilimia 70? Na bila ridhaa ya mama, kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kinahitajika hata kwa kufundishia, au ni kwa utafiti tu? Mwenzangu anasema tuzike zote. Simlaumu, ila nisingependa tuharakishe.