Ngozi inayozunguka kucha imevimba kwa miezi miwili: nifanyeje?

Mpishi wa Tanga
Shikamooni wakubwa. Ninauza chakula, na kuanzia alfajiri hadi alasiri mikono yangu imo majini: naosha mchele, naparua samaki, nasugua masufuria kwa sabuni ya unga. Kwa miezi miwili sasa ngozi inayozunguka kucha za vidole vitatu imevimba, na kucha zenyewe zimefanya mabonde. Jirani yangu aliniambia kuwa ni mdudu wa kidole, akanishauri nitumbukize mkono katika maji ya moto yenye chumvi na ndimu. Nimefanya hivyo wiki mbili na maumivu yamezidi.

Muuguzi mstaafu
Marahaba, mwanangu. Acha ndimu leo hii, kwa sababu inaichoma ngozi ambayo tayari imejeruhika. Mdudu wa kidole huja ghafla, kidole kikapwita usiku kucha na kutunga usaha katika siku chache. Ulichoeleza wewe, kilichopita wiki sita na kushika vidole kadhaa, kinaelekea kuwa uvimbe sugu wa watu wanaoshinda majini. Penye shina la ukucha kuna utando mwembamba unaouziba mwanya ulio kati ya ngozi na ukucha. Maji na sabuni vikiulegeza kila siku, mwanya hufunguka, na humo hupenya sabuni, maji ya samaki na hata fangasi. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni ukavu. Vaa glavu za pamba, kisha za mpira juu yake, na uzivue mara tu ndani kunapolowa, maana jasho lililofungiwa humo hudhuru vilevile. Kila unaponawa, kausha kidole kimojakimoja, kisha upake mafuta ya mgando. Nenda pia zahanati wakupatie krimu inayofaa na kukupima sukari, kwani kisukari huchelewesha kupona. Ukiona usaha, usingoje kesho.

Fundi wa kucha
Dada yangu, je, huwa unaikata hiyo ngozi ya penye shina? Wateja wengi huidhani uchafu na hunisihi niiondoe, ilhali ndiyo utando anaousema mama hapo juu. Mimi nimeacha kabisa kuikata. Huilainisha kwa mafuta na kuiacha. Kucha za bandia nazo ziweke kando hadi upone.

Mpishi wa Tanga
Ni kweli, niliikata kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na uvimbe ukaanza muda mfupi baadaye. Nimeshamwomba binti anayenisaidia achukue kazi ya vyombo, nami nibaki jikoni. Je, haya mabonde yatabaki?

Muuguzi mstaafu
Hapana, mwanangu. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo unahitaji kama miezi sita kubadilika wote. Utayaona mabonde yakisogea kuelekea ncha. Shinani pakianza kuota ukucha laini, ujue utando umeziba, lakini glavu usiziache hata hapo.