Mjadala: Je, usafiri wa dharura wa wajawazito utegemee mfuko wa kampuni ya simu?

Mtoa mada

Ndugu zangu, hoja yangu inahusu m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ulioanzia Sengerema na Shinyanga kwa fedha za Vodafone Foundation, mfuko wa hisani wa kampuni ya simu ya Vodafone, na wabia wake, na ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Aprili 2022 ili usambazwe nchi nzima. Ndugu wa mgonjwa, au mhudumu wa zahanati iliyozidiwa, hupiga 115 bila malipo. Mratibu huuliza maswali kwa kufuata programu iliyo mbele yake, na iwapo gari la wagonjwa liko mbali au limeharibika, humpigia dereva wa jamii aliyeandikishwa jirani na kijiji hicho. Mama akishafikishwa kituoni, dereva hulipwa nauli yake kwa simu, na familia haihangaiki usiku kukopa fedha ya mafuta huku mgonjwa akivuja damu.

Ubunifu huo siupingi hata kidogo. Ninachokataa ni uhai wa mzazi kuning'inia kwenye hisani, kwa sababu anayetoa kwa hiari huacha kwa hiari, na siku akiacha mwanakijiji hana pa kumshtakia. Tena nauli hizo zilibuniwa zilipwe kwa M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu ya Vodacom iliyo chini ya Vodafone hiyo hiyo, kwa hiyo sadaka inatoka mlango wa mbele na kurudi dukani kwa mlango wa nyuma.

Mchangiaji wa kwanza

Mtoa mada, dereva wa kijijini asiye na akaunti ya benki ungemlipa kwa njia gani saa nane za usiku? Hiyo M-Pesa yenyewe, kabla Safaricom haijaizindua Kenya mwezi Machi 2007, ilijaribiwa kwa fedha za Vodafone pamoja na ruzuku ya serikali ya Uingereza. Majaribio yanahitaji fedha ambayo ikipotea hakuna mtumishi wa umma atakayejibu hoja ya ukaguzi. Isitoshe, makubaliano yalikuwa kwamba serikali ibebe gharama za uendeshaji. Mfuko wa kampuni haukujitwika mzigo huo milele.

Mtoa mada

Kukubali kulipa ni jambo moja, na kulipa kwa wakati ni jingine. Mwaka 2001 nchi zetu ziliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na sote tunajua ahadi hiyo ilivyotimizwa. Halmashauri yenye mapato madogo ikichelewesha nauli, dereva atavumilia mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu hatapokea simu, na programu nzuri kiasi gani haitamwamsha. Ufadhili wa nje nao tumeuona: USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa Julai 2025, na miradi iliyoitegemea ikabaki ikitafuta pa kushika.

Nakerwa pia na jinsi takwimu zinavyotumiwa kuwasifu wafadhili. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, lakini mwaka huo usambazaji wa m-mama nchi nzima ndiyo kwanza ulikuwa umezinduliwa. Vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, damu salama na wakunga walioajiriwa vina sehemu yao, nayo haina nembo ya kampuni.

Mchangiaji wa pili

Mimi naulizia taarifa. Kila simu ya 115 huacha nyuma yake namba, kijiji na hali ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mkataba utamke nani anazihifadhi, na nani anamiliki programu mfadhili akiondoka.

Mchangiaji wa kwanza

Hilo la mkataba naliunga mkono. Kuhusu nauli, napendekeza kila halmashauri iziwekee kasma yake, yaani fungu lake katika bajeti, isiyoguswa kwa matumizi mengine, na taarifa ya malipo ya madereva isomwe kwenye baraza la madiwani kila robo mwaka. Kampuni ikitaka kutoa zaidi, itoe kwa jaribio lijalo, kwa mfano boti za dharura za wazazi wa visiwa vya Ukerewe, ambao dereva wa gari hawezi kuwafikia hata akilipwa mara mbili.