Naomba ushauri: dada yangu hataki kupimwa saratani ya mlango wa kizazi

Habari zenu ndugu. Nipo Busia, upande wa Uganda. Dada yangu ana miaka 41 na watoto watano, na hajawahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hapa Uganda inaua wanawake wengi mno.

Kwanza alisema haumwi. Nikamweleza kwamba virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana, hukaa miaka mingi kabla ya kuleta saratani, na mabadiliko ya mwanzo yakionekana mapema hutibika. Hilo amelikubali. Lakini anaogopa kuvua nguo mbele ya daktari mwanamume, na sokoni wamemwambia kile chuma cha kufungulia njia wakati wa kupima kinaharibu kizazi. Si kweli: wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, wanaangalia, na majibu unapewa hapo hapo.

Kikubwa zaidi ni shemeji. Dada anahofia ataulizwa, "Nani kakuletea ugonjwa huo?" Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema vilitoka kwa nani, ila mweleze mume mwenye hasira! Na nauli inatoka kwake.

Akina mama mliokwisha kupimwa, nini kiliwapa moyo? Shemeji niongee naye mwenyewe, au nimtume mjomba? Na kuna anayejua kituo cha afya huku Busia au Tororo chenye mhudumu mwanamke, au wanakoruhusu mwanamke ajichukulie sampuli ya HPV mwenyewe? Tafadhali nisaidieni.